Fundi anadai mfupa wa samaki hauzami, mkeka unazama. Je, mchoro wa pevingi ndio unaozuia?

#1 KibarazaUwani
Wakuu, salaam. Nina eneo la uwani, mita 4 kwa 5, hapa Dar. Nataka kupanga pevingi za kawaida (matofali ya saruji ya sakafu ya nje) za milimita 200 kwa 100, unene milimita 60. Gari haliingii. Ni meza, viti, jiko la mkaa, na kwenye kona moja tanki la maji la lita 1,000. Mchoro ninaoutaka ni mkeka: jozi imelala, jozi imesimama, nyekundu na kijivu.

Fundi aliyekuja kupima anasema mkeka utazama masika ya kwanza tu, niende na mfupa wa samaki (kila tofali linagonga ubavu wa jirani yake, kama herufi L) wa nyuzi 45, yaani uliolala mshazari na ukingo, ambao "hauzami". Bei ya huo iko juu kwa sababu ya kukata. Udongo ni wa mchanga, paa ni la bati na upande huo halina gata (mfereji wa kukinga maji ya paa). Swali langu: ni kweli mchoro ndio unaozuia pevingi kuzama?

#2 Uzi_na_Kigingi
Fundi wako ana hoja, ila ameibebesha mzigo usio wake.

Kwenye mkeka kuna mstari ulionyooka kila milimita 200, kutoka ukingo hadi ukingo, pande zote mbili. Kwenye mfupa wa samaki hakuna mstari unaozidi milimita 300: unapita urefu wa tofali moja na upana wa jirani yake, kisha unagonga ubavu wa tofali jingine. Ndiyo maana gari likifunga breki au likikata kona, safu za mkeka husogea kwa pamoja, wakati za mfupa wa samaki hushikana. Lakini hiyo ni nguvu ya kusukuma kwa ubavu. Viti na meza vinakandamiza kwenda chini tu, na kwa mzigo huo sioni mkeka utazamishwa vipi na mchoro peke yake.

Na kama ni mfupa wa samaki, kwa nini nyuzi 45? Panga wa nyuzi 90, matofali yakienda sambamba na ukingo. Ukingoni inaingia nusu tofali moja kila milimita 400, basi. Mzingo wako wa mita 18 unataka nusu tofali 45 hivi, yaani matofali 23 yaliyokatwa katikati. Nyuzi 45 unakata karibu kila tofali la ukingoni, zaidi ya mikato 100 hapo kwako, na vile vipande vidogo vya pembetatu ndivyo vinavyong'oka kwanza.

#3 ShindiliaKwanza
Mchoro hauhusiki hata kidogo. Kinachozama ni kilicho chini, tofali linafuata tu.

Hesabu ya kuchimba: unene wa tofali 60, mchanga wa kulalia 30, moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa 100. Jumla milimita 190 kutoka usawa wa juu utakaobaki. Gari lingekuwa linaingia ningesema moramu 150. Toa mizizi na udongo wote wenye majani, shindilia sakafu ya shimo lenyewe kabla ya kumwaga chochote, halafu moramu. Kompakta ndogo ya bamba (mashine ya kushindilia), ya kilo 80 au 90, inafika vizuri tabaka la milimita 100. Ukimwaga 200 kwa mkupuo, juu kunakuwa kugumu na chini kumelala huru, na huko chini ndiko kutakakozama mvua ikiingia.

Unyevu nao una kipimo. Kamua moramu kwenye kiganja: ikishika donge bila kulowesha mkono, endelea. Ikimwagika, nyunyiza maji. Ikiacha maji kiganjani, subiri ikauke. Ukimaliza, kanyaga kwa kisigino kwa nguvu zote. Kisigino kikiacha alama, rudia.

Kitu kimoja zaidi: angalia kama kuna mtaro wa bomba la majitaka uliofukiwa hapo uwani. Pevingi nyingi zinazozama kwa mstari mwembamba ulionyooka zimepita juu ya mtaro uliofukiwa bila kushindiliwa. Hapo hata mfupa wa samaki wa nyuzi 45 unabonyea.

#4 BintiKerbu
Nyote wawili mmeruka ukingo. Pevingi hazina gundi. Zinashikiliwa na kubanana, na kinachobana ni kerbu, kizingiti kigumu cha ukingoni. Pasipo kerbu, safu ya nje inasogea milimita 5, viungo vinafunguka, mchanga wa viungo unashuka, safu ya pili nayo inapata nafasi. Baada ya misimu miwili eneo limebonyea pembeni na watu wanasema msingi mbovu.

Kerbu ikae juu ya zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene milimita 100, na mgongoni ipandishiwe zege hadi zaidi ya nusu ya kimo chake. Safu ya matofali iliyosimamishwa kwenye udongo na kupakwa saruji kidogo nyuma si kerbu, hilo ni pambo. Upande wa nyumba ukuta wenyewe unatosha, hivyo unahitaji pande tatu.

#5 MferejiMbele
Someni tena mwisho wa #1. Paa halina gata! Tunabishana mchoro na msingi, na maji yote ya bati yanashuka hapo hapo.

Tuseme upande huo wa paa ni mita 12 kwa 5, mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo masika ya Dar inaileta bila shida, ni lita 3,000 zinazodondoka kwenye mstari mmoja wa upana wa kiganja. Kwanza zinafukua mchanga wa viungo, kisha zinaingia kwenye mchanga wa kulalia na kutoka nao. Utaona mfereji umejichora chini ya ukingo wa bati. Hakuna kompakta inayotibu hilo.

Weka gata kwanza. Halafu mteremko: sentimita 2 kila mita, kuondoka nyumbani. Kama upana wa kutoka ukutani ni mita 4, mwisho wake uwe chini kwa sentimita 8. Na usawa wa juu wa pevingi ubaki angalau milimita 150 chini ya kizuizi cha unyevu cha ukuta, la sivyo rangi ya ndani itaanza kupukutika.

#6 MchangaWaMto
Nyote mna sehemu ya ukweli, ila tatizo la mjini siku hizi ni vumbi la kokoto. Mafundi wanalitumia kulalia tofali kwa sababu ni rahisi kusawazisha na linaonekana gumu likikauka. Lina unga mwingi mno. Likilowa halipitishi maji, linageuka uji, na kila mguu unapokanyaga uji unapanda kwenye viungo. Mmeona pevingi zinazotema tope la kijivu baada ya mvua? Ndilo hilo.

Kulalia kunataka mchanga wa mto, mkali, wa chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika, uliooshwa. Jaribio la nyumbani: chupa ya kioo, theluthi mchanga, ongeza maji, tikisa, iache usiku mmoja. Tope litakaa juu kama tabaka. Likizidi sehemu moja ya ishirini ya kimo cha mchanga, uuoshe au uuache.

Mchanga wa baharini usiuguse.

#7 KabroEastlands
#6 hapo nakataa. Huku kwetu Nairobi kabro (ndizo pevingi) nyingi zimekaa juu ya vumbi la kokoto, maegesho na barabara za mitaa, na malori yanapita. Shida si vumbi, ni vumbi la aina gani. Lile la jiwe gumu, lenye chembe hadi milimita 5 au 6 na unga kidogo, linabana kuliko mchanga wa mto, kwa sababu chembe zake zina pembe. Lile la chini ya mashine, la unga mtupu, nakubali ni hasara.

Kwa maoni yangu kinachoangusha kazi nyingi ni unene. Fundi akikuta msingi una mabonde anayajaza kwa vumbi hilo hilo: hapa 20, pale 70. Palipo na 70 patashuka zaidi, liwe vumbi au mchanga. Mashimo ya msingi yazibwe kwa moramu na kushindiliwa, si kwa tabaka la kulalia.

#8 Matumbawe_ZNZ
Huku Unguja vumbi linatoka kwenye mawe ya matumbawe. Ni laini, linasagika chini ya kompakta, na maji yakiingia mwanzoni linakuwa kama unga wa kukanda. Hapo MchangaWaMto yuko sawa. Lakini likikauka na kulowa mara kadhaa linajishika lenyewe, gumu kabisa. Kwa hiyo utakuta kazi mbili za vumbi lile lile, moja imezama na nyingine imekuwa jabali. Tofauti ninayoiona ni kama liliwahi kukauka kabla ya mvua kubwa. Iliyopangwa wakati wa kaskazi imesimama, iliyopangwa katikati ya masika imezama.

#9 Nondo12
Kibaraza umeuliza kuhusu samaki, umepewa mtaro, gata na matumbawe. Karibu ukumbini!

Nichangie kwenye kusawazisha. Laza mabomba mawili ya chuma ya inchi moja juu ya moramu, mwaga mchanga katikati, vuta rula juu yake. Bomba la inchi moja linakupa milimita 25 kamili, hakuna kubahatisha. Ukishavuta, toa bomba, jaza alama yake kwa mwiko, na asikanyage mtu. Unapanga ukiwa umesimama juu ya matofali yaliyokwisha kulala, unasonga mbele. Sawazisha eneo utakalolifunika siku hiyo hiyo. Mchanga uliolala wazi usiku, mbwa au mvua vitaupitia.

#10 PimaMaji
Nondo, njia yako ni sahihi ila kipimo umeteleza. Inchi moja ya bomba la maji la chuma si kipimo cha nje. Nje lina karibu milimita 34. La robo tatu ndilo lenye karibu 27 nje. Ukitumia la inchi moja unapata mchanga huru wa 34, na kompakta ikipita unabaki kati ya 25 na 30. Kwa bahati njema ndicho kinachotakiwa.

Ndiyo maana pia matofali yapangwe yakiwa yamezidi usawa wa kerbu kwa milimita 7 hadi 10 kabla ya kushindilia. Ukiyapanga sawa na kerbu, yatamaliza chini yake na maji yatasimama ukingoni.

#11 KibarazaUwani
Shukrani wakuu. Gata limeeleweka. Naomba hesabu ya vifaa, kwa mkeka na kwa mfupa wa samaki.

#12 Uzi_na_Kigingi
Mita 20 za mraba, matofali 50 kila mita, ni 1,000. Mkeka ongeza asilimia 5, iwe 1,050. Mfupa wa samaki wa nyuzi 45 ongeza 10, iwe 1,100. Tofali moja lina karibu kilo 2.8, kwa hiyo ni tani 3 hivi za mzigo. Agiza gari kwa hesabu hiyo.

Moramu: 20 × 0.1 ni mita 2 za ujazo ikishashindiliwa, ikiwa huru nunua 2.6. Mchanga wa kulalia: 20 × 0.034, karibu 0.7. Mchanga laini wa viungo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, lita 54 hivi kwa kiungo cha milimita 3, ndoo tatu za lita 20. Chukua nne.

Mkeka una raha yake hapo kwako. Ukizungusha mpaka wa matofali yaliyowekwa sambamba, urefu wake wa 200 ukielekea ndani, katikati panabaki 3.6 kwa 4.6. Hiyo ni viraba 18 kwa 23, jumla 414, kila kiraba matofali mawili. Hakuna mkato hata mmoja. Rangi mbili zinagawana sawasawa, viraba 207 kila moja, na mpaka unakula kama matofali 172.

#13 BintiKerbu
Uzi, hesabu nzuri ila umesahau viungo. Mkeka unakaa sawa pale tu urefu wa tofali unapokuwa sawa na upana mara mbili kuongeza kiungo kimoja. Tofali la 200 kwa 100 kamili, jozi yake na kiungo cha milimita 3 ni 203. Kiraba pamoja na kiungo chake cha nje kinatembea 205 hivi. Viraba 23 ni mita 4.7, si 4.6. Ukiwa umeshafunga kerbu pande zote kwa hesabu ya karatasi, safu ya mwisho haiingii, na hapo ndipo mtu anaanza kubana viungo hadi tofali linagusa tofali na kona zinapasuka kompakta ikipita.

Funga kerbu pande mbili. Panga safu moja ya majaribio kwenda na moja ya kukatiza, bila mchanga, pima, ndipo ufunge kerbu iliyobaki. Itasogea sentimita 10 hivi nje. Hakikisha pembe kwa uzi: mita 3, mita 4, mlalo mita 5.

#14 TanuruIringa
Kwa nini hakuna anayemtajia matofali ya kuchoma? Mkeka wa tofali la udongo lililoiva una rangi ambayo pevingi ya saruji haiipati, na haipauki kwa jua.

Sharti ni kuchagua. Kwenye tanuru la kienyeji tofali la nje halijaiva, lina rangi ya pinki na ukilikwaruza kwa msumari linatoa unga. La karibu na midomo ya moto limeiva hadi limekuwa jeusi jeusi, wakati mwingine limepinda. Unataka la katikati linalolia kama chuma ukiyagonganisha mawili. Lipime likiwa kavu, lizamishe majini saa 24, lipime tena. Tofali la kilo 3 likirudi na zaidi ya kilo 3.3, lipeleke ukutani, sakafu ya nje haliwezi.

Panga kwa ubavu, si kwa mgongo. Unapata kina kikubwa zaidi na uso mwembamba unaovumilia kukanyagwa, ila idadi kwa mita inapanda na shimo linakuwa la kina zaidi.

#15 PimaMaji
Tanuru, kwa Iringa sawa. Kwa Dar ya karibu na bahari naogopa chumvi. Inapanda na unyevu hadi ndani ya tofali, ikikauka inafanya fuwele na kumenya uso kidogo kidogo. Tofali ambalo halijaiva linapukutika msimu hadi msimu. Na vipimo vyake vinatofautiana, mkeka hautakaa bila kuyapanga kwanza kwa makundi ya urefu.

Ila sakafu za namna hiyo ni za zamani sana. Warumi walipanga vitofali kwa ubavu, mfupa wa samaki, na vingine bado vinaonekana Ostia. Hizi za saruji ndizo changa: Waholanzi walizisambaza baada ya Vita Kuu ya Pili, tofali la udongo lilipoadimika.

#16 Nondo12
Kutoka uwani mpaka Roma! Turudi, mwenye uzi ana tanki la lita 1,000 na hakuna aliyeligusa.

#17 Muscat_Kilwa
Kabla ya tanki, viungo. Nusu ya ugumu wa sakafu hizi iko kwenye mchanga wa viungo, na ndio unaofanywa kwa haraka. Huku Oman intaloki, yaani pevingi, ziko kila njia ya miguu, na mchanga wa jangwani haufai kulalia: ni laini mno, chembe za mviringo, hazishikani. Kwenye viungo unaingia vizuri lakini upepo unauchukua.

Mchanga wa viungo uwe mkavu kabisa. Uanike juu ya turubai, uchekeche kwa wavu wa dirisha. Fagia kwa mshazari, pitisha kompakta iliyowekewa mpira chini, fagia tena, pitisha tena. Utaona mchanga unashuka. Rudia hadi usishuke, na baada ya mvua ya kwanza fagia mara nyingine. Usichanganye saruji. Inapaka doa juu, kiungo kinakuwa kigumu, kinapasuka kwa joto, na kwenye ufa huo maji yanaingia bila kutoka.

#18 DadaTabata
Samahani naingilia. Pevingi zangu za kijivu zimetoa ukungu mweupe. Ni mchanga wa bahari?

#19 MchangaWaMto
Yawezekana. Chumvi ya bahari huyeyuka ukimwagia maji, na kiangazi inarudi.

#20 KabroEastlands
Dada, mara nyingi ni chokaa ya saruji ya tofali lenyewe. Maji yanaitoa juu, inakutana na hewa, inakuwa nyeupe. Inapungua yenyewe kwa mvua za miezi kadhaa. Kamulia ndimu: ikitoa mapovu ni chokaa. Ikiyeyuka kimya kwa maji matupu, ni chumvi, na hapo swali ni imetoka kwenye mchanga au inapanda kutoka ardhini.

#21 Matumbawe_ZNZ
Kurudi kwenye kuzama. Sababu nyingine inayosahaulika ni sisimizi. Mchanga wa kulalia mkavu na laini ni nyumba yao. Wanautoa chembe kwa chembe kupitia viungo, unafagia kila asubuhi vilima vidogo bila kujiuliza vimetoka wapi. Tofali linabaki juu ya shimo hadi siku mtu mzito atakaposimama. Mchanga mkali wenye chembe kubwa hawaupendi sana.

#22 ShindiliaKwanza
Badala ya kubishana, kuna namna ya kusoma. Palipozama inua matofali sita. La kwanza livunje au livute kwa bisibisi mbili, mengine yanatoka kwa mkono. Pima unene wa mchanga hapo, kisha pima palipo sawa.

Unene ukiwa sawa sehemu zote mbili, msingi ndio ulioshuka: ushindiliaji. Palipozama mchanga ukiwa mwembamba, mchanga umeondoka: ukingo, maji, au hao sisimizi. Palipozama ukiwa mnene zaidi, ni ile aliyosema Kabro #7, shimo la msingi lilizibwa kwa mchanga. Angalia pia tumbo la tofali. Likiwa na alama ya maji na tope limeganda kwenye pembe, maji yalikuwa yanasimama humo.

#23 MchangaWaMto
Kipimo kizuri lakini hakimalizi. Mchanga unaweza kuwa mwembamba bila kuondoka kwa pembeni: umeshuka ndani ya moramu yenyewe. Moramu ya mawe makubwa yenye matundu inaunywa mchanga kila mvua. Dawa yake ni kufunga uso wa moramu kwa moramu laini kabla ya kulaza mchanga, au kutandika jiotekstaili, kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia mchanga. Nailoni usitandike, inafungia maji.

#24 ShindiliaKwanza
Moramu iliyoshindiliwa ipasavyo haina matundu ya kumeza mchanga. Tunarudi kwangu.

#25 MferejiMbele
Na bila maji hakuna kinachoushusha. Tunarudi kwangu!

#26 KibarazaUwani
Fundi amesoma uzi huu. Amekubali mkeka, lakini sasa anataka kulaza matofali juu ya mchanga uliochanganywa na saruji kavu, 1:6, "ili usizame kabisa".

#27 PimaMaji
Kwenye mteremko mkali ningekubali, mchanga mtupu ungetembea na maji. Hapo uwani mteremko wa sentimita 2 kwa mita hauhitaji.

#28 BintiKerbu
Mimi siungi mkono. Tabaka hilo ni jembamba, milimita 30, halibebi chochote peke yake. Msingi ukishuka kidogo linapasuka vipande vipande na kila kipande kinacheza na matofali yake. Tena limeziba njia ya maji, na siku ukitaka kupitisha bomba huwezi kuinua tofali zima, yote yanatoka na saruji mgongoni. Faida kubwa ya pevingi ni kuinua na kurudisha.

#29 TanuruIringa
Mikoa ya juu wanalaza tofali la kuchoma hivyo na zinakaa. Ila wanayamwagia maji baada ya kupanga, taratibu, saruji ishike. Ikibaki kavu ni mchanga wa bei ghali.

#30 Nondo12
Sasa tanki. Maji lita 1,000 ni tani moja, imekaa kwenye duara la kipenyo cha mita moja hivi, mchana na usiku. Usiliweke juu ya pevingi, za mchoro wowote. Mimina zege lake pekee, mita 1.2 kwa 1.2, unene milimita 100, la 1:2:4. Ni ujazo wa 0.144, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha na kubaki kidogo. Mimina kabla ya kupanga, juu ya moramu iliyoshindiliwa, umwagilie siku saba.

#31 BintiKerbu
Na zege hilo linakuwa kerbu ya kona hiyo bure. Liache lifikie usawa wa mwisho wa matofali, lisizidi.

#32 Uzi_na_Kigingi
Ila vipimo vyake viamuliwe na safu ya majaribio ya #13. Viraba sita vya mkeka pamoja na viungo ni 1.23 hivi. Ukimimina 1.2 kamili, utabaki na ufa wa sentimita 3 ambao hakuna kipande cha tofali kinachojaza. Panga kwanza, piga alama za chaki, toa matofali, ndipo ufunge mbao za zege.

#33 MferejiMbele
Na bomba la maji ya ziada la tanki hilo lipelekwe nje ya kerbu. Likimwagika kwenye viungo kila pampu inapojaza, hamtahitaji kusubiri masika.